Jinsi ya kuamua ruti ipi iongezewe daladala za usiku: uzoefu wa mpanga zamu Mtwara mjini

Msimu wa korosho ukianza, stendi huzuka ubishi uleule: gari za usiku ziongezwe Mikindani, Naliendele au Magomeni? Mara nyingi hushinda mwenye sauti kubwa. Nimepanga zamu za daladala hapa kwa miaka kadhaa, na nimewaona akina mama wauza samaki wakitembea gizani na beseni kichwani kwa sababu hakuna aliyewahesabu. Hawa ndio walionifanya nijifunze hesabu hii.

Hatua ya 1: Hesabu waliobaki, si waliopanda

Usianze kwa kuwauliza makonda jana usiku walipakia wangapi. Kwa kipimo hicho, ruti isiyo na gari itaonekana haina abiria. Mweke mtu kituoni na daftari, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku. Kila robo saa aandike gari ngapi zimepita, watu wangapi wamebaki, na wangapi wamechoka kusubiri wakachukua bodaboda au wakaondoka kwa miguu. Hao wa mwisho wasikosekane kwenye daftari.

Fanya hivyo siku ya katikati ya wiki, Ijumaa na Jumamosi. Ramadhani ihesabiwe peke yake: watu huwahi nyumbani kabla ya magharibi, halafu mji huamka tena baada ya tarawehe. Na kuanzia Oktoba vibarua wa maghala ya korosho hutoka usiku, nao wapewe ukurasa wao.

Hatua ya 2: Pima mzunguko

Panda gari mwenyewe, saa mkononi. Kama kwenda ni dakika 25, kurudi 25, na kusimama dakika 5 kila upande, mzunguko ni dakika 60. Ukitaka gari kila dakika 20, gawanya 60 kwa 20: unahitaji gari 3. Kila dakika 10, gari 6.

Hatua ya 3: Linganisha dakika utakazookoa

Hapa ndipo uamuzi ulipo. Abiria anayefika kituoni bila kujua ratiba husubiri, kwa wastani, nusu ya muda unaopita kati ya gari na gari.

Chukua mfano. Naliendele ina gari moja kila dakika 60, na daftari linaonyesha watu 30. Ongeza gari moja, ziwe kila dakika 30. Kusubiri kunashuka kutoka dakika 30 hadi 15, na watu 30 mara dakika 15 ni dakika 450. Magomeni ni karibu, mzunguko dakika 30, gari 3 zinapita kila dakika 10, watu ni 80. Ukitaka zipite kila dakika 5 lazima uongeze gari 3, na kila mtu anaokoa dakika 2 na nusu tu: jumla dakika 200. Gari moja imeleta 450, gari tatu zimeleta 200. Naliendele kwanza, hata kama Magomeni ndiko kwenye kelele.

Isipokuwa jambo moja: kama gari za Magomeni zinajaa mpaka zinaacha watu, basi shida ni nafasi, na hiyo itatuliwe kabla ya yote.

Hatua ya 4: Kaa na matajiri (wenye gari) na madereva

Mipango mingi hufia hapa. Dereva anampelekea tajiri hesabu ya siku, yaani kiasi cha fedha walichokubaliana, na kinachobaki ni chake na konda. Ikifika saa 1 usiku hesabu imetimia. Safari ya Naliendele inakwenda imejaa na kurudi tupu, mafuta ni yaleyale. Kwa nini asiende kulaza gari? Kumlaumu ni kumwonea.

Kwetu yalisaidia mambo mawili. Zamu ya usiku madereva wapokezane, na siku ya zamu tajiri apunguze hesabu. Kisha gari ya mwisho apewe dereva anayeishi hukohuko inakokwenda, ili pasiwe na safari ya kurudi tupu. Jambo la tatu tuligombana nalo sana: usiku gari iondoke kwa saa, isisubiri kujaa. Ikisubiri kujaa, hesabu yote ya hatua ya 2 imepotea.

Hatua ya 5: Leseni

Usihamishe gari kienyeji kutoka ruti moja kwenda nyingine. Peleka maombi LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini na kutoa leseni za ruti, kwanza, pamoja na nakala ya daftari lako.

Hatua ya 6: Jaribu wiki nne

Andika saa za kuondoka kwa rangi, mahali watu wanapozisoma. Aliyezoea bodaboda harudi kwa usiku mmoja. Wiki ya nne rudia kuhesabu, vituo vilevile, saa zilezile.

Ukilazimika kupunguza, usiguse safari ya mwisho, hata ikibeba watu wanne. Muuza duka anayepanda gari ya saa 2 usiku anathubutu kuisubiri kwa sababu anajua ikimwacha ipo ya saa 3. Ukiifuta ya saa 3, atatafuta bodaboda tangu saa 1, na gari ya saa 2 nayo itaanza kwenda nusu.