Somo la leo: "unravel" na "untangle", kwa kupitia triko (sweta) la dada yangu

Juzi mwanafunzi wangu mmoja hapa Bukavu alimwandikia bosi wake ripoti kwa Kiingereza: "Our project is unravelling." Alitaka kusema mambo yameanza kufunguka. Bosi akampigia simu usiku huohuo, maana sentensi ile inasema mradi unasambaratika.

Hatua ya 1: shika uzi. Triko la dada yangu lilinaswa na msumari wa mlango. Badala ya kuukata ule uzi, akauvuta. Safu moja ikatoka, ikafuata ya pili, mara mkono mzima ukawa lundo la nyuzi zilizojikunja kama tambi. Hiyo ndiyo "unravel": kufumuka. Angelifanya makusudi, tungesema amelifumua.

Hatua ya 2: tafuta mtendaji. "She unravelled the mystery": yupo mtu, lipo fumbo, naye kalifumbua. Hongera. "The plan unravelled": mtu hayupo, mpango wenyewe umefumuka. Pole. Sisi tunabadili mwisho wa kitenzi, fumua na fumuka, msikilizaji anaelewa papo hapo. Kiingereza neno halibadiliki, kwa hiyo tazama kilichotangulia kabla hujafurahi.

Hatua ya 3: usichanganye na "untangle". Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wakikuta wavu umejiviringa, wanautatua, nao unabaki wavu, usiku wanarudi nao ziwani. Hiyo ni "untangle". Waki-"unravel" wavu, watarudi nyumbani na nyuzi.

Tahajia: Uingereza huandika "unravelled", Marekani "unraveled". Sauti ipande kwenye "rav", si kwenye "un".

MASWALI

— Mwalimu, "ravel" bila "un" ipo?
Ipo, na ni kituko. Inaweza kuwa kutatiza, inaweza kuwa kutatua! Ina undugu na neno la Kiholanzi la kuchanika nyuzi. Kwetu funga na fungua haviwezi kuwa kitu kimoja. Ukiikuta kitabuni isome, lakini usihangaike kuitumia.

— Mimi ni msusi, niko hapa Bukavu, mtaa wa Kadutu. Mteja wa Kiingereza akitaka nimfumue misuko, nimuulize "unravel"?
Atakuelewa, dada, ila wenyewe husema "take out the braids". Nywele zikishikamana, unachofanya na kitana ni "detangle". Anza nchani, asije akalia kwa Kiingereza.

— Mwalimu, "unravel the problem" ni sawa?
Ni sawa kama tatizo lina mafundo mengi na unalifuata polepole, uzi kwa uzi. Umeme ukikatika ukabadilisha fyuzi, hapo ni "fix" tu.

— Na kamba za viatu vya mtoto?
"Untie", mama. Zikiwa zimeshikana na za kiatu cha pili, ndiyo "untangle".