Kahawa tungu ya nyumbani, ile yenyewe ya Mji wa Kale

Watu wengi wakishaonja kahawa tungu, yaani kahawa chungu isiyo na sukari, pale Mji wa Kale Mombasa wanataka kujaribu nyumbani, halafu wanalalamika eti ya kwao yakwaruza koo. Kahawa tungu si kahawa ya kuungua jamani! Utungu wake ni safi, na siri iko kwa maji na kwa kukaanga.

Maji kwanza, manake visima vingi hapa kwetu ni vya chumvi na hata utie iliki vipi hio chumvi itajitokeza tu, basi nunua mtungi wa maji matamu.

Buni tafuta mbichi. Nyingi ya Kenya ni aina ya arabika, ina harufu nzuri, aina nyengine ni robusta, kafeini yake ni karibu mara mbili kwahivo ukiwa hupati usingizi vizuri iwache. Teleka kikaango kizito kwa makaa yaliyotulia, tia buni kiasi cha kufunika chini tu na mwiko usisimame hata kidogo, simu weka mbali. Zitageuka manjano, zitanukia kama mkate, kisha kahawia, halafu utaziskia zaalika kama bisi. Usiepue bado. Ngoja mlio upungue na rangi ikolee, zikianza tu kung'aa mafuta basi. Bibi yangu alikuwa akichukua punje moja, aivunja kwa meno, atizama kama rangi imefika hadi kati, na mimi mpaka leo nafanya hivohivo. Zikishafika mwaga kwa uteo saa hiohio upepete, manake ukiziwacha kikaangoni zaendelea kuiva kwa joto lake zenyewe na hapo ndipo watu wengi huunguza bila kujua.

Zikipoa twanga kwa kinu. Usiifanye laini kama unga wa ngano, haitatulia chini.

Lita 1 ya maji, vijiko 5 vya mezani vya kahawa, kipande cha tangawizi kavu kama kidole gumba na iliki 5, vyote viwili umeviponda. Maji yakitokota ndio utie kahawa, punguza moto haraka manake hufura ikamwagika, iwache ichemke polepole dakika 15. Epua, ngoja machicha yashuke, mimina taratibu kwa dele, lile birika la kahawa. Kama huna dele chupa ya chai yatosha, lakini dele juu ya makaa ni kitu chengine wallahi.

Sukari usitie. Utamu uko pembeni: kashata ya njugu, halua, ama tende, wamega kidogo ndio wapiga funda. Vikombe ni vile vidogo visivyo na mkono, shika ukingoni usiungue, na wakati wake ni baada ya magharibi mko barazani. Ukimimina usitikise dele, na ile ya mwisho kabisa usimpe mgeni, ni machicha matupu.