Somo: Kupanga mafaili ya websaiti, baraza iwe baraza na ndani kuwe ndani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Wengi mnaniletea projekti niwatazamie, nikifungua nakuta mafaili yamerundikana folda moja, index2.php, index_mpya.php, index_mpya_kweli.php, na mwenyewe ukiulizwa ipi inayofanya kazi unaanza kufikiri. Leo tupange.

Kwanza, fikiria nyumba zetu za Mji Mkongwe, mgeni anakaa barazani, ndani hapiti mpaka akaribishwe. Na projekti ivo ivo. Fungua folda uiite public, hiyo ndo baraza, weka index.php, css, js na picha za kuonekana na watu, basi. Seva uielekeze hapo tu.

Pili, pembeni ya public (si ndani yake jamani) weka folda ya app, ya kodi, yaani maandishi ya programu yanayoendesha saiti. Humu mie napanga kwa kazi, mfano saiti ya nyumba ya wageni nna folda ya vyumba, ya bukingi na ya malipo, mteja akinambia bei ya chumba inakuja vibaya naingia vyumba moja kwa moja, kila kitu chake kimo.

Tatu, siri, na hapa nashikilia sana kwa sababu yamenikuta. Saiti moja ya Jambiani niliacha db.php.bak (nakala ya akiba ya faili lenye paswedi ya databesi) pale pale mbele. Faili la .php seva inaliendesha, mtu haoni kodi, lakini la .bak inalimwaga kama maandishi ya kawaida, usiku nikaliandika kwenye brauza nikaiona paswedi ya databesi ya mteja wangu kama ilivyo, moyo ulinienda mbio wallahi. Niliibadilisha saa ile ile. Kwa hiyo paswedi ikae kwenye .env (faili la maandishi la kuwekea siri), nje ya public, na .env uiandike kwenye .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git, programu ya kutunza historia ya kodi, isiyachukue) kabla ya komiti ya mwanzo, yaani kabla hujaihifadhi kazi kwenye Git mara ya kwanza, maana ikishaingia Git hata ukiifuta, kwenye historia bado imo. Picha za paspoti za wageni nazo zisikae barazani, zitengenezee folda yao ndani.

Nne, majina: herufi ndogo, bila nafasi.

MASWALI

Swali (kutoka Wete): Mwalimu, hosting yangu (seva ya kukodi) ina public_html tu, public naiweka wapi?
Jibu: Hiyo public_html ndo public yako. App na .env ziweke nje yake, ngazi moja juu, kisha kwenye index.php ziite kwa __DIR__ . '/../app/anza.php' (__DIR__ ni folda lilimo faili lenyewe, /.. ni kupanda ngazi moja). Usiandike njia ya C:/xampp (folda la seva ya majaribio kwenye laptopu yako), ukihama laptopu tu imekufa.

Swali: Kwangu picha zinaonekana, nikipandisha kwenye seva nyengine hazitoki, kwa nini?
Jibu: Tazama herufi dada yangu. Windows haijali Chumba.JPG na chumba.jpg, seva nyingi ni Linux na kwake hayo ni mafaili mawili tofauti.

Swali: Projekti yangu ishakuwa kubwa, nivunje yote nianze upya?
Jibu: Usivunje. Leo hamisha paswedi tu. Kesho malipo, jaribu, fanya komiti, ndo uende kwengine.