Programu ikianguka baada ya BOLT, tafuta anwani iliyoachwa nyuma

Programu ikipita kwenye BOLT (zana ya LLVM inayopanga upya msimbo wa programu iliyokwisha kulinkiwa ili iende kasi) halafu ikaanza kuanguka, wengi huanza kuishuku profaili ya perf, yaani rekodi ya sehemu za msimbo zinazotumika zaidi, ambayo BOLT huifuata. Mimi siigusi. Profaili mbovu itakunyima kasi tu, haiharibu majibu. Kinachoangusha programu ni anwani: msimbo umehamishwa, na mahali fulani kuna data bado inaelekeza kwake pa zamani.

Kwanza hakikisha umelinki kwa `-Wl,--emit-relocs` na hujapitisha `strip`, inayofuta majina ya fanksheni kwenye faili. `readelf -S` ikuonyeshe `.rela.text`, orodha ya rilokesheni (alama zinazosema ni wapi kwenye faili pameandikwa anwani); isipokuwepo, linki upya. Kwa GCC 8 kwenda juu ongeza `-fno-reorder-blocks-and-partition`.

Kisha msake mkosaji. Kwenye `bolt/utils` kuna skripti ya `bughunter.sh`: inagawa orodha ya fanksheni nusu kwa nusu hadi ibaki ile inayovunja programu. Ninapofika hapo, mara nyingi nakuta asembli ya mkono (maagizo ya prosesa yaliyoandikwa na mtu, si kompaila), kama meza hii ya kurukia matawi niliyoikuta kwenye maktaba ya kubana data:

```
    .text
meza:
    .long tawi1 - meza
    .long tawi2 - meza
```

Itazame vizuri. `meza` na `tawi1` ziko sekisheni moja (sehemu moja ya faili, hapa `.text` ya msimbo), kwa hiyo asembla inajipigia hesabu yenyewe, inaandika namba tupu na haiachi rilokesheni. BOLT haina njia ya kujua kwamba namba ile ni umbali wa kufika kwenye msimbo. Inahamisha `tawi1`, namba inabaki ileile, na `jmp` inatua pasipojulikana.

Dawa yake ni kuihamisha meza kutoka `.text` kwenda `.rodata`, sekisheni ya data ya kusomwa tu:

```
    .section .rodata
    .p2align 2
meza:
    .long tawi1 - meza
    .long tawi2 - meza
    .text
```

Sasa hesabu ya `tawi1 - meza` inavuka sekisheni, asembla haiwezi kuikamilisha, na inalazimika kuacha rilokesheni ya aina ya `R_X86_64_PC32`. Endesha `readelf -r` kwenye faili la `.o` uhesabu: kila mstari wa meza uwe na rilokesheni yake. Fanksheni yenyewe ipe `.type` na `.size`, maana BOLT hutegemea hizo kujua mipaka.

Asembli isipokuwa yako, tumia `-skip-funcs=` uiache fanksheni hiyo palepale. Naona ni heri kupoteza kasi kidogo kuliko kumpa mtu programu inayokosea.

Ukishatengeneza, jaribu kila tawi. Namba iliyopitwa na wakati hukaa kimya hadi siku tawi lake litakapoitwa.