Kabla ya kuweka pesa kwenye tovuti ya poka

Wengi wakitaka kuipima tovuti ya poka huanza na bonasi. Mimi naanzia mlango wa kutokea: pesa ikishaingia inakaa wapi, na inatokaje?

Waliokuwa na akaunti Full Tilt Poker walilijua swali hilo wakiwa wamechelewa. Aprili 15, 2011, waendesha mashtaka wa Marekani walizifungulia kesi tovuti kubwa za poka, Full Tilt ikiwemo. Hesabu zilipofunuliwa, ilikuwa inadaiwa na wachezaji kama dola milioni 390, na benki ina kama milioni 60 tu. Salio lililoonekana kwenye skrini lilikuwa tarakimu tupu. Pesa za wateja zilichanganywa na za kampuni, wakubwa wakajigawia. Wamarekani wengi walianza kulipwa mwaka 2014. Na leseni ilikuwepo, ya kisiwa cha Alderney!

Kwa hiyo leseni ni mwanzo tu wa uchunguzi. Nembo iliyobandikwa chini ya ukurasa yeyote anaweza kuinakili. Chukua namba yake, ukaitafute kwenye orodha ya mamlaka yenyewe. Tanzania ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kisha soma masharti hadi upate mahali panapoeleza kama pesa za wachezaji zinatunzwa kwenye akaunti ya peke yake. Uingereza huitaka kampuni iseme wazi pesa zako zina ulinzi kiasi gani ikifilisika, na kampuni yaweza kujibu kwamba hazina ulinzi, bila kuvunja sheria. Ni juu yako kusoma.

Halafu jaribu. Weka kiasi ambacho hakitakuuma, cheza kidogo, kitoe. Angalia kimechukua siku ngapi, kimekatwa kiasi gani kwa kubadilishwa kutoka dola, na umeombwa vitambulisho gani. Kama laini yako ya simu imesajiliwa kwa jina la shemeji, jua mapema kwamba ukaguzi wa majina unaweza kukukwamisha. Umri nao hutofautiana: Tanzania ni miaka 18, Uganda ni 25.

Kuhusu udanganyifu, watu hulalamikia karata zinavyochanganywa. Lakini kwenye poka unacheza na wenzako, na tovuti inakula ada yake kwa kila mkono, yaani kila duru ya karata zinapogawiwa, mara nyingi kama asilimia 5 yenye kikomo, ashinde nani. Mimi naogopa zaidi programu zinazocheza badala ya watu, na wawili wanaoambiana karata kwa simu. Mwaka 2007, kwenye tovuti ya Absolute Poker, kuna aliyekuwa akiziona karata za wote. Aliumbuka baada ya mchezaji mmoja kuomba kumbukumbu za shindano na kutumiwa, kwa bahati, faili lenye kila kitu. Hivyo uliza kama tovuti inakuruhusu kupakua kumbukumbu za mikono uliyocheza. Isiporuhusu, mimi siweki hata senti.

Bonasi sasa. Kwa kawaida hutoka vipande vipande kadiri unavyolipa ada, na ina tarehe ya mwisho. Kwa hiyo ingia saa nne usiku, bila kuweka chochote, uhesabu meza za dau lako zenye watu. Zikiwa mbili, bonasi hiyo utaifungua ukicheza na nani?