Somo: Kusoma msongamano wa seli kwenye uvimbe kwa MRI

Wakuu, somo la difyusheni (mwendo wa molekuli za maji mwilini) mliloomba ndilo hili. Nimewalenga zaidi wapiga picha na madaktari wa intani wa hapa Mwanza, maana kanda ya ziwa uvimbe wa taya kwa watoto si jambo geni kwetu.

Tuelewane kwanza: MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, haihesabu seli. Inapima molekuli za maji zinavyotembea kati ya seli. Mkokoteni wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, watu wakijaa, haufiki mbali; wakipungua unapita moja kwa moja. Seli zikibanana, maji nayo hukwama na kipimo cha ADC, yaani namba inayoonyesha maji yanatembea kwa urahisi kiasi gani, hushuka.

Hatua ya 1. Piga kwa namba b (nguvu ambayo mashine hupimia mwendo wa maji) angalau mbili: 0, halafu 800 au 1000. Kwenye ini wengi huanzia 50 ili mtiririko wa damu kwenye vishipa usiharibu hesabu.

Hatua ya 2. Mashine itatoa ramani ya ADC, lakini hesabu yake uijue. Gawa ishara (mng'ao unaopimwa) ya b 0 kwa ishara ya b 1000, tafuta logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), kisha gawa kwa 1000. Ishara ya 900 ikishuka hadi 450, ADC ni 0.00069 mm² kwa sekunde. Maji ya ubongo, yanayotembea huru, yangeshuka hadi kama 45, yaani ADC karibu 0.003.

Hatua ya 3. Zitazame picha zote mbili, ya b 1000 na ramani ya ADC, pamoja. Penye seli nyingi hung'aa kwenye b 1000 na huwa na giza kwenye ADC. Pakingʼaa kwenye zote mbili, huo ni mng'ao wa T2 tu (picha ya MRI ambamo maji hung'aa), si seli nyingi.

Hatua ya 4. Hapa ndipo ripoti nyingi zinapoharibika. Chora duara kwenye nyama hai, pale gadolini (dawa ya kung'arisha picha) inaposhika. Ruka damu, chokaa na sehemu iliyokufa. Ukingo wenye 0.0007 ukiuchanganya nusu kwa nusu na kiini kilichokufa chenye 0.0021, unapata 0.0014, namba isiyokuwepo popote kwenye uvimbe huo.

Hatua ya 5. Andika ADC pamoja na namba b ulizotumia.

MASWALI

Sengerema: Mkuu, Burkitt inaonekanaje?
Jibu: Ndiyo ile ya taya za watoto. Ni limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu; seli zake zimeshonana, hivyo ADC huwa chini sana. Ila taya ni eneo gumu: hewa ya sainasi (mapango ya hewa kwenye mifupa ya uso) na meno yaliyozibwa kwa chuma hupinda picha. Linganisha na T2 kabla hujachora.

Ilemela: Mbona jipu la ubongo nalo lina giza kwenye ADC?
Jibu: Usaha ni mzito, maji hayatembei. Jipu huwa na giza katikati. Uvimbe uliooza katikati, ADC ya hapo kwa kawaida iko juu. Ndiyo maana sitaki mtu aandike "saratani" kwa ADC peke yake. Kinyama kikatwe, patholojia waseme.

Magu: Dokta, mgonjwa wa kemo, uvimbe haujapungua lakini ADC imepanda. Dawa inafanya kazi?
Jibu: Huenda, dada. Seli zikifa utando wake hupasuka, maji yanapata nafasi, na hilo linaweza kuonekana kabla uvimbe haujasinyaa. Lakini hakikisha vipimo vyote viwili vimepigwa kwa mashine ileile na namba b zilezile. Kama cha kwanza kilipigwa kwa 800 na hiki kwa 1000, usilinganishe.