Kusomea kilimo cha kimataifa Göttingen: panga kwa kuangalia masika

Maafisa ugani wenzangu huku Muheza, hasa vijana, wakinipigia simu swali ni lilelile: "Bibi shamba, ile kozi ya Ujerumani uliingiaje?" Nawajibu kwa pamoja.

Kozi yenyewe ni shahada ya uzamili ya kilimo endelevu cha kimataifa. Inatolewa na vyuo vikuu viwili kwa ubia, Göttingen na Kassel, na kitivo cha kilimo cha Kassel kiko katika kimji cha Witzenhausen. Ni mihula 4, krediti 120, na kila krediti inahesabiwa kuwa saa 30 za kazi, iwe darasani au usiku chumbani kwako. Lugha ni Kiingereza. Ada ya masomo hakuna. Unachangia fedha kidogo kila muhula.

Kwanza jua GPA yako inasomekaje kule, maana Wajerumani huhesabu kinyume: 1.0 ndiyo juu kabisa, na 4.0 ndiyo kufaulu kwa shida. Chukua 5.0 yetu, toa GPA yako, gawanya kwa 3 (tofauti kati ya 5.0 na 2.0 ya kufaulu), zidisha kwa 3, ongeza 1. Mwenye 3.8 anapata 2.2. Ndiyo, 3 na 3 zinafutana, lakini fomula imeandikwa hivyo kwa ajili ya nchi zenye vipimo vingine.

Fedha ndizo zinazowakwamisha wengi. Anayejilipia hutakiwa, ili apate viza, kuonyesha akaunti maalumu ambayo unaruhusiwa kutoa kiasi fulani tu kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904 kwa mwaka, sawa na 992 kwa mwezi. Sisi wa mshahara wa halmashauri tutafute ufadhili. DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, wana mpango wa kozi za maendeleo ambao hutaka mwombaji awe amefanya kazi angalau miaka 2 na isizidi miaka 6 tangu apate shahada yake. Kwa hiyo wewe uliyetoka SUA (chuo kikuu cha kilimo, Morogoro) juzi, nenda shambani kwanza, ila usikae huko hadi shahada ichache.

Kwenye barua ya maombi, "kilimo ni uti wa mgongo wa taifa" ifute. Kila Mtanzania anaianza hivyo. Andika swali moja linalokukera kazini. Langu lilikuwa la mihogo: kwa nini mkulima anapewa pingili safi zisizo na ugonjwa wa batobato, kisha baada ya misimu michache anarudi kukata pingili kwa jirani? Swali la namna hiyo linakusaidia hata kuchagua masomo, maana orodha ni ndefu na asiye na swali huokota kila kitu.

Kabla ya kuondoka, jifunze R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu. Ni ya bure, na takwimu hazitakusubiri uzoee baridi.

Witzenhausen usiikwepe. Kutoka Göttingen ni safari fupi ya treni, halafu unateremka kwa miguu hadi mjini. Nyumba yao ya vioo ina kahawa, kakao na migomba, na chuo kile kina historia inayotuhusu: mwaka 1898 kilianzishwa kufundisha walowezi wa makoloni, yetu ikiwemo. Miaka mitano kabla yake, Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na 62 tu ikafika hai huku kwetu. Mimi niliyekulia kati ya mashamba ya mkonge niliyasikiliza mafundisho ya pale kwa sikio jingine, na nilibishana sana na wenzangu wa kilimo hai walioamini mbolea ya chumvichumvi ni dhambi popote ilipo.

Sasa masika. Ukianza Oktoba, vipindi vya muhula wa tatu huisha Februari, na masika ya Tanga huanza Machi. Ukimaliza masomo yote kwa mihula mitatu, ule wa nne unakuwa mtupu kwa ajili ya utafiti wa tasnifu huku nyumbani: panda mahindi Machi, vuna Julai, andika. Anayebakiza masomo mawili kwa muhula wa nne anaikosa mvua. Mihogo haiingii kwenye ratiba hiyo, inataka miezi 9 na zaidi, kwa hiyo fanya mahojiano na wakulima au omba kujiunga na majaribio ambayo tayari yako shambani. TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wapo Mlingano, na Kibaha ndiko kwenye mihogo. Barua za kibali, kuanzia kwa mkurugenzi wa wilaya hadi mtendaji wa kijiji, zianze kutembea Novemba ukiwa bado Ujerumani, na mtafute mtu wa kuzifuatilia kwa miguu. Barua pepe peke yake haimwamshi mtu.